Rojo la Mapera na Vigae vya Mama Hadija

Neema, mjukuu wangu anayekaa Mwankoko, amenunua chungu cha umeme. Unatia vitu vyako asubuhi, unafunika, unachomeka kwenye umeme, unakwenda kazini kwako. Ukirudi jioni kimeiva. Juzi aliniita nikamwone anavyopika rojo la matufaha, lile zito la kupaka mkate, lenye mdalasini na karafuu. Matufaha aliyatoa sokoni, akayamenya vizuri kabisa, akafunika, akakaa na simu yake. Jioni tulipofunua tukakuta supu. Ilikuwa tamu, sikatai, lakini ilikuwa supu.

Nikamwambia aniletee kijiti. Akaniletea cha kuchokolea meno. Nikamwambia nataka kijiti cha kuinua mfuniko, mvuke utoke, maana rojo haliivi kwa moto peke yake, linaiva kwa kupoteza maji. Tukaweka kijiti, tukaacha likachemka polepole mpaka kesho yake. Likawa rojo. Neema akaniuliza nimejua wapi mambo hayo wakati sijawahi kumiliki chungu cha umeme. Haya, wajukuu zangu, kaeni. Nimepika kwa mshahara tangu nikiwa msichana mpaka nilipostaafu jiko la hospitali, na katika vyote nilivyopika hakuna kilichonifundisha kazi na watu kama rojo.

Nilianzia misheni. Kulikuwa na Sista mmoja Mzungu aliyesimamia jiko, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Mara moja moja alikuwa akiletewa kasha la matufaha kwa treni, na yakifika nusu yamebonyea. Yale mazima yanakwenda mezani kwa mapadri. Yaliyobonyea anatupa sisi tuyakate, tuyatie kwenye sufuria ya chuma nzito, juu ya jiko la kuni lenye moto wa chini tangu asubuhi hadi jua linashuka. Hakuruhusu mtu kuongeza kuni. Mimi nilikuwa na haraka ya ujana, nikiona moto umefifia mkono unaniwasha. Alinipiga mwiko kwenye vidole, si kwa kuumiza, kwa kunikumbusha tu. Mpaka leo nikimwona mtu anaongeza moto chini ya rojo vidole vyangu vinajikunja.

Basi tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Manyoni, tukakuta bustani ya zamani yenye mipera mingi kuliko walaji. Mapera yalikuwa yanaoza chini, mbuzi wamekinai. Mwenyekiti wa kijiji akataka akina mama tuwe na mradi. Nikasema mapera na matufaha hayapishani sana, yote yanageuka rojo ukiyavumilia. Wakanifanya mkuu wa kikundi kwa sababu hiyo tu. Sukari ilikuwa haionekani dukani, lakini asali ilikuwepo, inatoka porini huko Itigi, nyeusi, imejaa nta. Tukatumia asali.

Mara ya kwanza tulipika kwenye sufuria za kawaida, hizi nyepesi. Chini liliungua, juu likabaki bichi. Tulikula wenyewe na ladha ya masizi, kila mtu akisema zuri. Hapo ndipo alipoingia Mama Ndahani.

Mama Ndahani alikuwa mfinyanzi, na vyungu vyake vilijulikana mpaka vijiji vya mbali. Alikuwa pia mpika pombe ya mtama, na hilo lilijulikana mbali zaidi. Kubatizwa alibatizwa, lakini kanisani alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, anasema hapo ndipo penye hewa. Aliniletea chungu kipana, kizito, akanionyesha namna ya kukiweka: usikiweke juu ya mafiga, kizamishe nusu kwenye majivu yenye makaa ndani, ukizungushie makaa mengine kwa mbali. Joto linakuja kutoka pande zote, haling'ang'anii sehemu moja. Mfuniko uinuliwe kwa kijiti. Unaona, Neema, kijiti chako kinatoka mbali.

Na mtu wa tatu alikuwa Mama Hadija. Mume wake, Mzee Rajabu, alikuwa kwenye genge la reli, na walikuja kwetu wakitokea Tabora. Familia za Kiislamu kijijini zilikuwa chache, zimekaa upande mmoja karibu na kisima, na Mama Hadija ndiye aliyekuwa jiko lao. Pilau ya harusi, uji wa msiba, mkate wa maulidi, vyote vilipita mikononi mwake. Kwetu sisi wa bara kabisa viungo vilikuwa chumvi na, ukiwa tajiri, pilipili. Yeye ndiye alitufundisha kwamba karafuu nyingi zinaufanya mdomo ufe ganzi, na kwamba mdalasini unaanza nao lakini iliki unaitia mwishoni ikiwa imetwangwa papo hapo. Alionja kila chungu. Asipotikisa kichwa, hatutii chupani. Aliniita Mama Elia, nami nilimwita dada, kwa kuwa alinizidi umri, na kila asubuhi nilimpa shikamoo kabla sijagusa mwiko.

Sasa nisikilizeni hapa kwenye kazi yenyewe. Mapera unayachemsha mpaka yalainike, unayasugua kwenye chekeche mbegu zibaki juu. Uji wake unautia kwenye chungu na asali. Unakoroga kutoka chini, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Linaiva pale mwiko unapopita na kuacha njia, na njia ile haifungi upesi. Ukidondosha kidogo kwenye sahani, lisitoe maji pembeni. Chupa zetu zilikuwa za mdomo mpana, na vizibo vyake vilikuwa magunzi ya mahindi tuliyoyachonga, tukayazamisha kwenye nta. Msicheke. Gunzi lenye nta linaziba kuliko vifuniko vingi vya siku hizi.

Shida yetu ilikuwa kupoza. Tuliogopa kumimina rojo la moto kwenye chupa zisije zikapasuka, na chungu kile tulikihitaji kwa mapera mengine. Mama Ndahani akasema ana mtungi nyumbani, mkubwa, wa mama yake. Akauleta kichwani, mweusi, umeng'aa kwa kushikwashikwa. Tukawa tunasubiri rojo lipoe kidogo, tunalihamishia mtungini lilale, asubuhi tunalitia chupani. Rojo lililolala kwenye mtungi ule lilipata kaukali fulani kwenye ulimi, kazuri sana. Sote tulikasifia. Mama Hadija alisema hata Tabora hajala kitu kama hicho. Maulidi yalipofika alibeba chupa kadhaa akazipeleka kwenye shughuli, wazee na watoto wakapaka kwenye mkate, wakaomba nyingine. Alirudi kwetu amenyooka shingo kwa furaha, akatusimulia nani kasema nini.

Zile za kwanza ziliisha upesi. Zilizofuata zikakwama, maana mvua zilishika na lori la kuzipeleka Singida halikuweza kupita kwenye matope. Tulizipanga kwenye banda. Siku moja tuko tunamenya mapera tukasikia mlio, po! Gunzi likaruka likampata kuku. Likafuata jingine. Tukakimbilia bandani, tukakuta rojo linapanda kwenye midomo ya chupa, linatoa povu. Wengine tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Mama Hadija hakucheka. Aliokota gunzi moja, akalinusa, akalinusa tena, akasema, "Hii ni pombe."

Wenzangu wakasema asali ilikuwa na maji, wengine mapera yaliiva mno. Mimi nilikuwa namwangalia Mama Ndahani. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameifunga kwenye kanga, haongei, na mwanamke yule si mtu wa kukaa kimya.

Tulipotawanyika alinifuata njiani akaniambia kwa Kinyaturu, kwa sauti ndogo, kwamba mtungi ule ni wa pombe. Sijui kwa nini hakuna aliyefikiri hivyo. Mtungi wa kuchachushia hausuguliwi na wala hautiwi sabuni, maana uchachu unakaa kwenye kuta zake, na huo ndio utajiri wa mpika pombe. Mama yake aliupata kwa mama yake. Ukitia kitu chochote kitamu humo, kikiwa vuguvugu, mtungi unafanya kazi unayoijua. Mama Ndahani alidhani mapishi ya muda mrefu namna ile yanamaliza kila kitu. Na zaidi ya hapo, alituletea kwa sababu ulikuwa kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. Aliniambia hivyo, nami nilimwamini, na namwamini hadi leo.

Habari haikukaa. Wenzetu wawili watatu walipojua walikuja na ushauri: mtungi urudishwe kimyakimya, tuseme asali ndiyo iliharibika, Mama Hadija asiambiwe. Ajue kwa nini, na atapata faida gani? Nami kama mkuu wa kikundi nilisema hapana, aambiwe, nitakwenda mimi. Lakini nawaambia ukweli, niliogopa. Mradi sikuujali hivyo. Nilichoogopa ni kumpoteza Mama Hadija. Mwanamke yule alikuwa amelisha maulidi kwa mkono wake. Likisemwa kwamba jiko la Mama Hadija liliwalisha watu pombe siku ile, nani atampa tena harusi yake aipikie? Na sisi atatutazama kwa jicho gani?

Mama Ndahani akakataa nisiende. Akasema, "Mtungi ni wangu. Mdomo nao ninao."

Tulikwenda wote wawili baada ya swala ya alasiri. Mama Ndahani hakuwahi kukanyaga ule upande wa kisima. Alikuwa akipita mbali kwa heshima, akijua watu wanamwonaje. Tulipiga hodi. Mama Hadija alitoka anajipangusa unga mikononi, akatukaribisha. Mzee Rajabu alikuwa amekaa kwenye mkeka anashona kiatu. Mimi nikaingia nikampa mzee shikamoo yake. Mama Ndahani akabaki nje ya ua.

"Siingii mpaka niseme," alisema. "Mtungi niliowaletea ni wa pombe. Ulivyonusa, dada, ulinusa kweli. Wenzangu hawakujua. Nilijua mimi peke yangu."

Mama Hadija aliutazama unga kwenye viganja vyake kwa muda, halafu akakaa chini pale pale kizingitini. Mzee Rajabu aliweka kiatu chini akasema kwa upole kwamba aliyekula bila kujua hana dhambi, na kwamba atakwenda mwenyewe kuwaeleza wazee wenzake. Mama Hadija akasema analijua hilo.

"Dhambi si yangu," alisema. "Lakini niliwawekea watoto mkononi. Nikawaambia kuleni, ni zuri."

Akalia. Sikuwahi kumwona akilia, na nilitaka nimshike bega, nikaogopa. Akaingia ndani. Tukamuaga Mzee Rajabu tukaondoka, na karibu aliyopewa Mama Ndahani ikabaki hapo hapo nje ya ua.

Hakuja tena jikoni. Tulijaribu kupika bila yeye na tukatia karafuu kama tunavyotia chumvi; rojo lile lingeweza kutuliza jino. Huku Mama Ndahani aliurudisha mtungi nyumbani ukaendelea na kazi yake ya zamani, na pombe ya msimu ule ilinukia iliki na mdalasini. Wanaume waliikataa siku ya kwanza. Siku ya pili walikuja wengi zaidi.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Kumbe Mama Ndahani alikuwa ameshachimba udongo. Hili nalo mlijue, ingawa hamtafinyanga: udongo peke yake hautoi chungu cha moto. Ukiuchoma hivyo hivyo unapasuka. Lazima utwange vigae vya chombo cha zamani, vilivyokwisha kuchomwa na kutumika, uchanganye ule unga wake kwenye udongo mbichi. Ndivyo wafinyanzi wetu wanavyofanya. Ndiyo maana hawaachi vigae vitupwe ovyo. Nyuma ya nyumba ya Mama Ndahani kulikuwa na lundo la vigae kama kichuguu, lakini vyote vilikuwa vya mitungi ya pombe, vya kwake na vya mama yake.

Akaja kwangu asubuhi akasema twende tena kisimani. Nikamuuliza tunakwenda kufanya nini, tumeshasema yote. Akasema anakwenda kuomba vigae.

Mama Hadija alikuwa anafagia ua. Pembeni mwa ukuta kulikuwa na mtungi wake wa maji aliokuja nao kutoka Tabora, ambao ulivunjika siku walipoushusha kwenye treni. Hakuutupa. Alikuwa amevipanga vile vipande na kupanda mchaichai katikati. Mama Ndahani akasimama tena pale nje, nami nikasimama naye, maana safari hii sikuthubutu kutangulia.

"Dada, nafinyanga chungu cha kikundi," alisema. "Vigae nilivyo navyo vyote vimekunywa pombe. Sitaki hata kimoja kiingie. Nipe vyako."

Ufagio ukasimama. Mama Hadija aliniangalia mimi kwanza, kama anayeuliza kama maneno yale yana maana aliyoisikia. Nikamweleza habari ya kutwanga, kwamba chungu kipya kinashikwa na cha zamani. Akainama. Akachomoa mchaichai na udongo wake akauweka kando, akaanza kuokota vigae kimoja kimoja, anavipangusa na upindo wa kanga. Alipomaliza alivitia kwenye kikapu, akaja navyo mpaka kwenye mlango wa ua. Hakumpa.

"Utavitwangia wapi?" aliuliza.

Mama Ndahani akasema kwenye kinu chake.

"Kinu chako nacho kinatwanga kimea cha pombe," Mama Hadija alisema. "Ingia. Tutatumia changu."

Akaingia. Wakatwanga wote wawili, kwa zamu na kisha kwa pamoja, mchi huu ukishuka mwingine ukipanda, na mimi nikachekecha ule unga. Majirani walipita kuteka maji, wakaona mpika pombe yuko kwenye ua wa Mzee Rajabu, na hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Yaliyosemwa yalisemwa, siwezi kuwadanganya kwamba watu walinyamaza. Kuna mama mmoja hakumpa tena Mama Hadija shughuli yake. Wengine walimpa.

Chungu kilikauka kivulini kwa muda mrefu kwa sababu ya mvua, kikachomwa, hakikupasuka. Chungu kipya lazima kilishwe uji kwanza kabla ya chakula kingine, uingie kwenye vitundu. Mama Ndahani alikibeba hadharani mpaka kwa Mama Hadija, akakiacha yeye ndiye akilishe. Mama Hadija alipika uji wa ulezi, na bakuli la kwanza akamkabidhi Mama Ndahani kwa mikono miwili. Tangu hapo tulipikia na kupozea humo humo. Tulilimimina rojo likiwa la moto kwenye chupa tulizozipasha joto kwanza, na magunzi hayakuruka tena. Ule ukali wa ulimini ulipotea, na nitakuwa mwongo nikisema hatukuukumbuka.

Mzee Rajabu alipohamishwa na shirika la reli kwenda mbali, tuliwasindikiza Manyoni. Mama Hadija alimwachia Mama Ndahani kinu chake. Hakusema kwa nini, na Mama Ndahani hakuuliza, ila tangu siku ile hakutwangia kimea ndani yake. Alinunua kingine cha kazi hiyo. Hatukuonana tena na Mama Hadija. Barua mbili zilikuja, halafu zikakoma, nami nikajua.

Chungu kilidumu. Kilipopata ufa Mama Ndahani alikitwanga akafinyanga kingine, na huyo wa pili alipokufa, ndiyo, mimi nasema chungu kufa, binti yake alifinyanga huyu niliye naye. Mwaka jana mfuniko wake ulianguka ukavunjika, na Neema, kwa usafi wake, akazoa vigae akavipeleka shimoni. Nilishuka shimoni na miguu yangu hii. Majirani walidhani nimeangusha pete.

Kwa hiyo, Neema, nunua hata vyungu viwili vya umeme, nitakuja kukuwekea kijiti. Lakini vile vigae vilivyo kwenye mfuko chini ya kitanda changu usivitupe. Nikiondoka, vipeleke kwa binti wa Mama Ndahani, na umwambie avitwangie kwenye kinu cha Mama Hadija. Anacho bado. Nilikiona.